Neno Lililosemwa na Mjozi

Shuanggou, 10 Januari 1987

Mwanangu Qiuhe,

Salamu zangu zikufikie huko Xi'an kabla baridi haijakugandisha vidole. Sisi huku wazima. Kichwa cha baba yako kinamsumbua kama kawaida, na kama kawaida hataki kukubali. Nguruwe tumeshachinja, paja moja limening'inia juu ya jiko linakungoja, ingawa nasikia kiwanda chenu cha dawa hakitawapa likizo ya mwaka mpya wetu wa mwezi. Bibi Cong anakusalimu sana. Macho yake yamezidi kufifia, juzi kamwamkia mbuzi wangu kwa heshima zote akidhani ni mke wa mwenyekiti.

Sasa nikueleze jambo, maana usipoelezwa na mimi utaelezwa na jirani yetu Mama Pei, naye ataongeza chumvi. Juzi ilikuwa siku ya uji wa nane, tarehe nane ya mwezi wa mwisho wa kalenda yetu. Nimepika tangu alfajiri: kunazi, maharagwe, mtama, jozi, vyote. Tulipokwisha kula tukatoka uani kuihoji miti. Unajua baba yako anavyoipenda kazi ile. Anakamata shoka, anaugonga mti shinani na kuunguruma, utazaa au hutazaa, usipozaa nakukata leo leo. Aliyejificha nyuma ya shina anajibu kwa niaba ya mti, nitazaa, nitazaa, tunaupaka uji kwenye kidonda, tunahamia mti mwingine. Mipeasi ikajibu vizuri. Mkunazi ukajibu vizuri. Wa kujibu alikuwa mume wa Mama Pei, na alipofika kwenye ule mjozi mkubwa, ambao haujatoa hata kokwa moja tangu mama yako atutoke, akapaliwa na kikohozi mpaka machozi yakamtoka. Pale uani alikuwepo Hou Shigen, yule mjane mchimba dawa anayekaa kule juu mlimani. Alikuwa kaleta mizizi ya tianma kwa ajili ya kichwa cha baba yako. Mama Pei akamsukuma: nenda wewe.

Akaenda. Baba yako akagonga mti, akauliza utazaa au hutazaa. Akagonga tena kwa nguvu. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya shina, taratibu kabisa:

"Nitazaa, lakini nina sharti. Yuexian aolewe na Hou."

Qiuhe, bakuli la uji liliniponyoka. Mama Pei alikaa chini kwenye theluji, akacheka mpaka tukalazimika kumwinua. Mimi nilikimbilia jikoni nikajifanya nasugua sufuria ambayo ilikuwa safi. Nikamsikia baba yako anazunguka mti na shoka lake, na Hou anazunguka upande wa pili, na baba yako anasema toka nikuone, na Hou anasema si mimi, ni mti.

Na neno la mti siku ile halifutwi, unajua. Ukilifuta, bustani nzima inakununia. Kwa hiyo baba yako akatema mate, akasema mbele ya wote: haya, mti umesema utazaa. Ukizaa mwaka huu, dada yangu aende. Usipozaa, habari hii isisikike nyumbani kwangu mpaka nazikwa.

Basi ndiyo hivyo. Mimi sina la kusema. Vaa soksi mbili.

Shangazi yako,
Yuexian


Xi'an, 26 Januari 1987

Shangazi wangu wa pekee,

Nimeisoma barua yako bwenini, nikacheka, wenzangu wakataka wasomewe, nikawasomea, sasa chumba kizima kinauliza habari za mjozi kila nikirudi kazini. Mimi mzima wa afya. Wamenihamishia chumba cha kuchambua matunda ya ladha tano, mikono yangu inanuka uchachu hata nikilala. Gunia moja lilikuwa na alama ya wilaya yetu. Nililikumbatia, msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Tuje kwenye kesi. Mimi naona Baba kacheza rafu. Mti ulisema utazaa kwa sharti kwamba uolewe. Maana yake harusi kwanza, jozi baadaye. Yeye kageuza, jozi kwanza, harusi baadaye. Nani kampa ruhusa ya kubadilisha maneno ya mti? Mwambie binti yake anakata rufaa.

Najua anachoogopa, lakini. Ukiondoka wewe, nani atabaki naye pale? Wewe ndiye uliyerudi nyumbani ulipofiwa na mume, ukanilea mimi, ukampikia yeye. Baba hajui hata chumvi inakaa wapi.

Lakini umeandika kurasa tatu, Shangazi, na kwenye kurasa zote tatu hukusema kama wewe mwenyewe unamtaka huyu Hou. Unamtaka?

Mwaka mpya mwema. Nimekutumia kitambaa cha kichwa, chekundu. Usikifungie sandukuni.

Wako,
Qiuhe


Shuanggou, 2 Machi 1987

Mwanangu,

Kitambaa kimefika, kizuri mno kwa umri wangu, nimekivaa kulisha kuku. Kuku wote wazima isipokuwa yule mweupe aliyeliwa na kicheche. Rufaa yako nimeiwasilisha. Baba yako kasema mahakama imefungwa.

Unaniuliza maswali ya ajabu. Nina kuku, nina nguruwe, nina jiko la kupaka udongo upya. Naona mambo ya kutaka na kutotaka ni ya vijana.

Hata hivyo nikujuze kwamba yule mtu sasa anashuka kutoka mlimani kila siku ya gulio. Anakuja na samadi ya mbuzi, anaulisha mjozi. Kachimba shimo kuzunguka mizizi, kakata matawi makavu, kalifunga shina kwa majani makavu kama mgonjwa. Halafu anakaa chini anaongea na mti. Anauambia mzee mwenzangu, mimi nimeshatoa neno kwa jina lako, usiniaibishe. Watu wanajikusanya ukutani kusikiliza. Mama Pei analeta na kigoda kabisa.

Wiki iliyopita alimkuta baba yako mlangoni, akajisahau, akamwambia, "Shemeji, kichwa kinaendeleaje?" Baba yako akamjibu kichwa kilikuwa kinaendelea vizuri mpaka dakika hii. Lakini tianma yake anaitumia. Kila jioni nikiipika na kuku anakunywa mchuzi wote, analamba bakuli, halafu anasema haijamsaidia.

Jana nimeuona mjozi umeanza kutoa vichipukizi. Si kwamba nilikwenda kutazama. Nilikuwa napita.

Shangazi yako


Xi'an, 30 Machi 1987

Shangazi unayepita pita,

Mimi mzima, chakula kizuri, msimamizi wangu amezaa mtoto wa kike. Bweni lote linasema umejibu bila kujibu. Dada mmoja wa Ningqiang, naye ametoka milimani, anasema mwanamke akiandika habari za jiko la udongo baada ya kuulizwa habari za mwanamume, tayari ameshaenda.

Tuambie maua yakitoka. Na Hou mwambie asimwite Baba shemeji mpaka mavuno ya jozi mwezi wa tisa, ajifunge mdomo kwa kamba kama lile shina.

Qiuhe


Shuanggou, 25 Aprili 1987

Qiuhe mwanangu,

Uwe salama huko uliko. Sisi tuko salama wa mwili.

Maua yalitoka. Mwanangu, yalitoka kwa namna ambayo sijawahi kuona kwenye mti ule, yale marefu ya kijani yakining'inia kila tawi. Watu walikuja kuyatazama kama maonyesho. Baba yako naye alisimama chini akiwa na mikono mgongoni. Mama Pei akataka kuokota machache ayachemshe, ayatie siki na pilipili kama tunavyokula kila mwaka, nikamwambia akigusa hata moja namkata na panga. Nilisema hivyo mbele ya watu. Sikujua kama ningesema.

Halafu juma lililopita baridi ikarudi. Hou aliinusa kule juu, akashuka mbio alfajiri na mzigo wa majani mabichi, tukawasha moto wa moshi kuzunguka mti ili maua yasigande, mimi na yeye na Mama Pei, macho yanatuwasha, tumekuwa weusi kama masizi. Bibi Cong akaleta mkeka akaanza kuupepea moshi, ila aliupepea kuelekea kwetu. Tulicheka mpaka tukakosa pumzi. Nilicheka, Qiuhe, huku meno yanagongana kwa baridi.

Jua lilipochomoza maua yote yalikuwa meusi. Si yetu tu, bonde zima, isipokuwa kule juu kwa Hou ambako mijozi huchelewa kuchanua, na ule mmoja nyuma ya ukuta wa Mama Pei. Hou aliokota ua moja akalisugua kati ya vidole likawa unga. Akasema samahani Yuexian, akapanda mlima. Hajarudi tena.

Nilidhani baba yako atafurahi. Alikula nusu bakuli akalala.

Ulinikera kwa kuniuliza mara mbili, sasa nakujibu. Namtaka. Nimeandika, na kalamu haijavunjika. Nyumba ile ya kwanza nilipelekwa, sikuulizwa, na marehemu alikuwa mtu mwema ila hakunichekesha hata siku moja. Huyu ananichekesha nikiwa nimesimama kwenye baridi. Nina miaka hamsini na moja na naona haya kuandika haya, kwa hiyo uchome barua hii na usiisome bwenini.

Na mimi nikuulize la kwangu: kama ingetokea nikaenda, wewe ungerudi kukaa na baba yako?

Shangazi


Xi'an, 12 Mei 1987

Shangazi,

Sikuisoma bwenini. Niliisomea chooni, nikalia humo humo, nikatoka nikasema ni kitunguu.

Mimi mzima, kazi nyingi. Sikiliza. Mti mkubwa kama ule hauwezi kufa maua yote. Mwambie mtu apande mpaka juu kabisa atazame. Na Hou usimwache akae huko mlimani na huzuni yake. Mpelekee mikate, mwambie bado una sufuria ya kusugua. Na Mama Pei mpe maua yake ale, hana kosa.

Kengele imelia. Nitaandika tena.

Qiuhe


Xi'an, 20 Agosti 1987

Shangazi mpendwa,

Sijapata barua yako tangu mvua zianze. Redioni wanasema barabara ya kwetu imebebwa na maporomoko mahali kadhaa. Tafadhali uwe mzima. Baba awe mzima. Nyumba iwe imesimama. Natuma hii hata kama italala posta, kwa sababu nikikaa nayo nitapasuka.

Uliniuliza kama nitarudi na mimi nikakujibu habari za maua ya Mama Pei. Ulijua, najua ulijua. Sitarudi, Shangazi. Wamenipa nafasi ya kusomea kupima dawa, miaka miwili, halafu maabara. Nimeitaka kazi hiyo tangu nilipolishika gunia lile la kwetu. Nimeikubali mwezi wa sita na nimekuwa nikiogopa kukuandikia, maana kukuambia sitarudi ni sawa na kukuambia ubaki kwa Baba mpaka mwisho, kwa ajili yangu, kama ulivyobaki miaka yote. Sitaki ubaki. Lakini pia sitaki awe peke yake, na sijui la kufanya, na mwezi wa tisa huo unakuja na mti hauna kitu.

Msomee Baba barua hii. Mimi siwezi kumwambia mwenyewe.

Qiuhe wako


Shuanggou, 10 Septemba 1987

Qiuhe, mwanangu, mwanangu,

Nyumba imesimama, wote wazima, banda la nguruwe tu ndilo limekwenda na maji na nguruwe karudi mwenyewe. Barabara ilifunguliwa mwisho wa mwezi uliopita na barua yako ikafika ikiwa imelowa. Hongera kwa masomo. Nilicheza jikoni, kuku ni mashahidi.

Nilimsomea baba yako kama ulivyotaka. Alikuwa anapura maharagwe. Nilipofika pale unaposema hutarudi, aliacha kupura, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akasema mtoto ana akili, amefanana na mama yake. Akachukua kofia akatoka, hakurudi mpaka jua linazama, na kesho yake akatoka tena. Nikajua amevunjika moyo. Anapoteza binti, nikaona ni heri angalau asinipoteze mimi, nikaukata huo moyo wangu. Nilimtumia Hou ujumbe asije siku ya Umande Mweupe, siku ya kuangusha jozi.

Sasa sikiliza. Unajua sheria ya kijiji, hakuna kugusa jozi kabla ya Umande Mweupe. Na unajua ganda bichi la jozi linavyotia weusi mkononi, usugue kwa mchanga, kwa majivu, kwa siki, utatembea nao wiki kadhaa. Kwa hiyo siku ile asubuhi mikono ya kijiji kizima inapaswa kuwa myeupe. Nikatoka uani nikamkuta Mama Pei mikono ndani ya aproni. Binti zake wawili mikono ndani ya aproni. Mume wake anajikuna mgongo na kiwiko. Bibi Cong peke yake kaweka mikono hadharani, myeusi kama chungu, anatabasamu.

Nikainua macho. Mjozi umejaa.

Umejaa, Qiuhe. Matawi ya chini yote yana jozi, kila moja ina kiuzi cheupe cha kushonea shingoni. Na si zile ndogo ngumu za mti wetu, ni zile kubwa laini za nyuma ya ukuta wa Mama Pei, kila mpita njia anazijua. Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwona Hou mlangoni, kaja ingawa nilimkataza, kavaa koti safi, naye anatazama juu mdomo wazi. Mikono yake miwili ilikuwa myeupe kabisa. Mama Pei akaninong'oneza kwamba walimwomba Hou asaidie, akakataa, akawaambia mti ule ameshausemea uongo mara moja na unamtosha.

Baba yako akatoka ndani na ufito mrefu, kavaa lile koti la majira ya baridi, kwenye joto lile. Akausogelea mti, akatazama juu polepole, tawi kwa tawi, na nyuzi zote. Akalipiga tawi la kwanza. Kikaanguka kitu, kikabiringika mpaka miguuni pake. Lilikuwa peasi. Peasi bichi la mlimani, na uzi wake, kazi ya Bibi Cong na macho yake.

Baba yako akaliokota, akaligeuza, akalinusa.

"Mti umejitahidi," akasema.

Akalitia mfukoni akaendelea kupiga. Qiuhe, watu walianguka. Mume wa Mama Pei alikohoa mpaka akashikwa, Mama Pei akainua mikono yake myeusi juu akilia kwa kicheko, na Hou kasimama katikati kama mtu aliyepigwa na radi. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, sijui kipi kilitangulia.

Lakini baba yako alikuwa bado anatazama juu. Huko kileleni, ambako hakuna mwanamke wala mzee wa kikohozi anayeweza kupanda, kulikuwa na jozi nyingine nyingi, ndogo, zimefungwa kwa kamba ya katani. Mama Pei akasema kwa sauti hizo si zetu, sisi tuliishia chini. Hou akazikodolea macho. Akasema hizo ni za mti wake wa mwambani, wiki nzima amekuwa akilaani kindi kwa kumwibia.

Baba yako akainua ufito kuzifikia zile za juu, na mikono ya koti ikamteremka mpaka kwenye viwiko.

Mikono yake ilikuwa myeusi kuliko ya mtu yeyote. Mpaka vifundoni. Na goti lake lile bovu, Qiuhe, na kilima kile, na mti ule wote, peke yake. Alipanda baada ya kusikia kwamba hurudi.

Watu waliona na hakuna aliyecheka tena. Nilimfuata pale chini ya mti. Hakunitazama. Akasema taratibu, ili nisikie mimi tu:

"Miaka yote hii nimekula chakula chako, sikukuuliza hata mara moja wewe ulitaka kukaa wapi."

Harusi itakuwa tukishamaliza kuvuna matunda ya ladha tano. Hou ameshamwita shemeji mara nne na baba yako ameitika mara mbili. Baba yako atapanda mlimani kula kwetu siku za gulio, siku nyingine nimemfundisha kukata tambi, zinatoka nene kama mikanda lakini anazila, na chumvi sasa anajua iko wapi. Omba ruhusa uje. Ukishindwa, soma barua hii bwenini kwa sauti kubwa.

Nikurudishe pale chini ya mti, mwanangu, baba yako alipomaliza kusema. Nilikivua kile kitambaa chako chekundu, nikakamata kiganja chake, nikasugua na kusugua mbele ya watu wote. Weusi haukutoka hata kidogo, na nilikuwa nimeshajua kwamba hautatoka.

Shangazi yako anayekupenda,
Yuexian